Ufunguo Ulilala Kijura

Kazi yangu ni kuhesabu. Sishiki sindano,
sijui kupokea mtoto; damu nikiiona magoti hulegea.
Nimeketi chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo ya mablanketi,
ukungu wa Rwenzori ukipangusa kioo,
nahamishia kwenye kompyuta madaftari ya wodi ya uzazi:
saa, uzito, kilio, dawa, mililita.
Miaka mitatu ya usiku wa watu wengine.

Huku Fort Portal humsalimu mtu ukamaliza
kabla hujamuuliza empaako yake.
Jedwali halina safu hiyo.
Ndani yake kila mama ni tarakimu,
na mimi, Apuuli mwana wa Basaliza,
ndiye ninayewavua majina mlangoni.

Kwenye korido walikuwa wameshahukumu.
"Abwooli ana mkosi. Zamu yake
akina mama hawaachi kuvuja."
Muuguzi Kabahweza akawa anakula peke yake,
sahani magotini, uso dirishani.
Lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja.
Lilikuwa linakuja kweli: barua ya kumhamisha
imeshapigwa muhuri, inangoja sahihi.

Sikumtetea. Mimi nani?
Nilipanga tu mistari.
Kwanza kwa jina la muuguzi, na kweli, jina lake likapanda
kama povu la maziwa.
Nikataka kufunga mashine nikanywe chai.
Kisha, sijui kwa nini, nikapanga kwa siku.

Jumatano.
Jumatano, Jumatano, Jumatano.
Zamu za Abwooli, ndiyo, lakini hata alipokuwa likizo,
hata wiki aliyomzika baba yake Kyenjojo,
Jumatano damu ilimwagika mikononi mwa wengine.
Jumanne, toka dawa iitwe hadi idungwe: dakika sita.
Alhamisi, saba.
Jumatano, arobaini na nne.

Dakika arobaini na nne!
Unaweza kumenya matoke, ukayafunga majanini,
ukayainjika, ukakaa ukapuliza moto.
Unaweza pia kuisha.

Nikaenda kuuliza, maana tarakimu hunyoosha kidole
lakini hazina mdomo.
Mzee Rwakaikara wa stoo, mtu mpole, hakuficha:
Jumatano ni gulio la Mugusu. Huuza mbuzi wake,
jioni hupitiliza kwake Kijura kulala,
na ufunguo wa kabati la dawa umo mfukoni
pamoja na tumbaku na chenji.
Muuguzi huita bodaboda. Bodaboda hufuata ufunguo.
Mama hungoja. Mji wa uzazi haungoji.

Hakuna aliyepiga kelele. Daktari mkuu aliitazama ile chati,
nguzo moja ndefu kati ya fupi sita,
akavua miwani, akaifuta, akaivaa,
akamtuma mtu kwa fundi.
Ufunguo wa pili uligharimu shilingi elfu tano.
Unaning'inia leba, kwa uzi mwekundu, kwenye msumari.
Barua ikachanwa. Abwooli hakuombwa radhi na yeyote;
walimvutia kiti tu, wakati wa chakula.

Sasa Jumatano ni saba, ni nane, ni sita.
Wanasema nimeokoa watu. Siwajui ni akina nani:
aliyeokoka huondoka asubuhi na kichanga kifuani,
akilalamikia uji wetu.
Ninaowajua ni wale wengine.

Jana usiku niliurudia mstari wa mia mbili na kumi na mbili.
Umri ishirini na tatu. Mimba ya pili. Jumatano, saa nane na robo.
Nikafungua daftari lenyewe, la karatasi,
nikamtafuta kwa kidole.
Pembeni, kwa penseli, mahali pasipo na kisanduku,
palikuwa na neno moja, mwandiko wa Abwooli.
Nikaongeza safu ambayo wizara haijaiomba,
nikalinakili, herufi moja moja:
Amooti.